Msiguse utoro: barua ya wazi kwa mnaoidhinisha mabwawa madogo ya udongo

Waheshimiwa,

Mimi ni mlinzi wa bwawa. Si mhandisi, na sitajifanya mhandisi. Kazi yangu ni kutembea juu ya tuta kila asubuhi, kufyeka, kupaka grisi koki ya bomba la chini, kusoma kimo cha maji kwenye mlingoti na kukiandika kwenye daftari. Ninayoyajua nimeyaokota kwa wataalamu waliopita hapa, niliowafuata nyuma nikiwauliza maswali mpaka wengine wakaanza kunikwepa, na mengine nimeyasoma usiku. Nawaandikia nyinyi mnaokaa mezani na michoro, kalamu mkononi, kwa sababu kila ninaposikia bwawa la aina hii linajengwa, nasikia pia kwamba kalamu imekata palepale: kwenye utoro, ile njia pana ya pembeni ambayo maji ya ziada hupitia bwawa likijaa.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nimekuja kunyooshea watu vidole.

Msimu mmoja mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Bwawa lilikuwa limejaa hadi kwenye kizingiti cha utoro na maji ya ziada yalikuwa yanapita taratibu, membamba kama shuka, yakienda zake bondeni. Tuliyatazama kwa uchungu. Mtu aliyekwisha kukaa na kiangazi hawezi kuona maji yanampita hivi hivi akanyamaza. Mmoja wetu akasema, tuyazuie. Hakuna aliyebisha, hata mimi niliyepaswa kubisha. Tukajaza magunia udongo, tukayapanga safu mbili kukatiza utoro, yakafika magotini. Siku chache baadaye maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye ukingo wa magunia, na sisi tukapiga hesabu kwa majivuno: bwawa lenye uso wa hekta moja likipanda nusu mita, hizo ni mita za ujazo 5,000, lita milioni 5. Kwa magunia tu!

Mvua ya mwisho ilikuja usiku. Haikunyesha hata kwetu, ilinyesha huko juu, nasi tulijua kwa sababu kijito kilibadilika sauti. Tulipofika kwenye tuta na tochi, maji yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufika juu. Na pale katikati, ambapo pikipiki na ng'ombe walizoea kukatiza hadi wakaacha kibonde, yalikuwa yameshaanza kupita, upana wa mkeka hivi. Tuliingia kwenye utoro na mapanga, tukayapasua magunia huku maji yanatuvuta miguu. Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka tu kwamba gunia la mwisho hatukulivuta. Liliondoka lenyewe, na nusura liondoke na mtu.

Asubuhi nilishuka upande wa nje wa tuta. Maji yaliyopita pale kwenye kibonde hayakuzidi kina cha kiganja, wala hayakudumu. Lakini yalikuwa yamechimba mfereji kutoka juu hadi karibu na mguu wa tuta, na kule chini ulikotobokea niliingiza mkono wote hadi begani nisiguse mwisho. Udongo wa ndani ulikuwa baridi, unabomoka kwa vidole. Udongo huo ndio uliokuwa umesimama usiku kucha kati ya maji yote yale na watu waliolala bondeni.

Zege linaweza kumwagikiwa na maji likabaki limesimama. Tuta la udongo likimwagikiwa huliwa, na likianza kuliwa kila punje inayoondoka hufungulia njia maji mengi zaidi ya kung'oa punje zinazofuata. Bwawa lililochukua miezi kujengwa huondoka kwa muda wa kuhesabu dakika. Ndiyo maana kuna utoro. Jina lenyewe limesema yote: ni mahali maji yanapotorokea. Mtoto akitoroka shule anaadhibiwa yeye. Maji yakikosa pa kutorokea tunaadhibiwa sisi.

Sasa nije kwenu.

Mnapoomba fedha za mabwawa haya huwa mnaandika kwamba yatafanya kazi mbili: yatazuia mafuriko na yatahifadhi maji ya kiangazi. Sentensi hiyo ni nzuri na inapendwa na wanaotoa fedha. Ugomvi uliomo ndani yake mnatuachia sisi. Kuhifadhi maji kunataka bwawa lijae. Kuzuia mafuriko kunataka liwe tupu. Chombo ni kimoja, na maji ya mafuriko hayawezi kuingia mahali ambapo tayari pana maji.

Fanyeni hesabu hii, ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10. Chukueni bonde la kilomita mbili za mraba, yaani hekta 200, likinyeshewa milimita 60 kwa siku moja: ni mita za ujazo 120,000. Tuseme theluthi moja tu ndiyo inayotiririka na nyingine inazama ardhini. Mnabaki na 40,000 zinazokuja kwenye bwawa. Kama bwawa lina uwezo wa 30,000 na ni tupu, litameza sehemu kubwa na watu wa chini watashangaa mafuriko yamekwenda wapi. Kama limejaa, zile 40,000 zote zitapita kwenye utoro. Zitacheleweshwa kidogo, kwa sababu maji lazima yapande juu ya kizingiti kabla ya kuanza kutoka kwa nguvu, na kule kupanda nako ni hifadhi ya muda. Lakini ndiyo hiyo basi.

Kuna jambo lilinichukua misimu mingi kulitambua, na sijaliona kwenye ripoti yoyote iliyowahi kupita mikononi mwangu. Mafuriko ya mwanzo wa mvua hulikuta bwawa limekaushwa na kiangazi, kwa hiyo hulipenda bwawa. Mafuriko ya mwisho wa msimu hulikuta limeshiba. Watu wa bondeni wameona mara tatu nne bwawa likiwakinga, wameanza kulima na kujenga karibu zaidi na mkondo, halafu inakuja ile mvua ya kuaga. Bwawa lililowapa imani ndilo linaloshindwa wakati huo, bila hata kupasuka.

Walioitatua shida hii kwa ukamilifu waliamua kuchagua upande mmoja. Machi 1913 mto Great Miami katika jimbo la Ohio, Marekani, ulifurika na kuuzamisha mji wa Dayton. Waliokufa katika bonde lile walikuwa zaidi ya 300. Mhandisi Arthur Morgan akapewa kazi ya kuhakikisha hairudii. Alijenga mabwawa matano ya udongo, yakakamilika mwaka 1922, na chini ya kila moja aliacha matundu ya zege yasiyo na mlango wala koki. Siku za kawaida mto unapita humo kana kwamba hakuna bwawa, na ardhi iliyo nyuma ya tuta inalimwa. Mto ukifurika matundu yanapitisha kiasi ambacho mkondo wa chini unaweza kubeba, kinachozidi kinasubiri nyuma ya tuta, kisha kinaondoka chenyewe kwa siku kadhaa. Yanafanya kazi hadi leo. Hakuna anayeamshwa usiku kwenda kufungua kitu, na hakuna wa kushawishiwa kukifunga.

Najua hatuwezi kujenga hivyo kila mahali. Penye kiu, kumwambia mtu tumejenga bwawa ambalo litakaa kavu ni kumtukana. Ila somo lake linachukulika: utupu ni sehemu ya jengo. Bwawa la kazi mbili lichorwe na tabaka tatu. Chini kabisa nafasi ya tope, kwa sababu tope litakuja. Juu yake maji ya kutumia. Juu ya hayo nafasi tupu, ya mafuriko, yenye bomba au tundu lisilofungika mahali inapoanzia, ili ikijaa ijitoe yenyewe na kuwa tayari kwa mvua inayofuata. Hilo tundu lisiwe na koki. Likiwa na koki, siku moja tutalifunga. Tuligusa utoro kwa magunia. Koki tungeigusa kwa mkono mmoja.

Halafu, juu ya tabaka hizo tatu, utoro wenyewe. Hapa ndipo kalamu yenu inaponitisha.

Nimekwisha kuona mchoro ambao upana wa utoro ulikatwa nusu ili gharama ishuke. Sitasema ni wapi wala ni nani. Aliyekata alieleza kwa utulivu kwamba maji yale yale yatapita tu, ila kwa kina kikubwa zaidi. Ni kweli. Ni kina gani, hakusema. Kwa jinsi maji yanavyopita juu ya kizingiti kipana, mafuriko yanayopita kwenye utoro wa mita 10 kwa kina cha sentimita 50 yatahitaji karibu sentimita 80 kwenye utoro wa mita 5. Sasa kama juu ya tuta ni mita moja tu kutoka kwenye kizingiti, mmebakiza sentimita 20. Hapo bado upepo haujapiga mawimbi. Bado tuta halijatitia, nalo lazima litatitia: tuta jipya la mita 6 likishuka kwa asilimia 5 tu limepoteza sentimita 30. Bado pikipiki hazijachimba kibonde chao. Kwa maneno mengine bwawa limeshazidiwa kwenye karatasi, kabla tingatinga halijawashwa.

Kwa nini huwa ni utoro unaokatwa, na si kitu kingine? Nadhani ni kwa sababu hauna sura. Tuta linapigwa picha. Maji yanapigwa picha, hasa jioni. Utoro ni uwanja mpana wa nyasi pembeni ya bwawa, mkavu karibu mwaka mzima, na anayeutazama huona mahali pazuri pa kufyatulia matofali. Sijaona mgeni rasmi akikata utepe kwenye utoro. Nafasi tupu juu ya maji nayo ni hivyo hivyo, hakuna anayeonyesha wageni utupu. Kwa hiyo nyinyi mnavikata kwa kalamu, sisi tunavimaliza kwa magunia, na kila mmoja anaamini ameokoa kitu.

Tabia hii ni ya zamani, na si ya maskini peke yao. Tarehe 31 Mei 1889 bwawa la udongo la South Fork, Pennsylvania, Marekani, lenye tuta la takriban mita 22, lilipasuka baada ya mvua kubwa na maji yakaufagia mji wa Johnstown. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Bwawa lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliolitumia kwa kuvua na kupumzika. Mabomba ya kupunguzia maji chini ya tuta yalikuwa yameshang'olewa na kuuzwa na mmiliki aliyetangulia, na hayakurudishwa. Juu ya tuta palishushwa kidogo ili magari ya farasi yapishane vizuri. Na kwenye utoro waliweka nyavu za chuma, samaki wasitoroke. Siku ya mafuriko nyavu zikakamata magogo na takataka, utoro ukaziba. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilitoka nje nikaenda kutazama kibonde chetu cha pikipiki. Hakuna kosa moja kati ya hayo ambalo sijaliona kwa macho yangu, isipokuwa nyavu. Sisi tulikuwa na magunia.

Na msiseme yale yalikuwa makubwa, haya yetu ni madogo. Katika orodha za kimataifa bwawa huanza kuitwa kubwa likifika mita 15, kwa hiyo haya tunayojenga hayamo hata kwenye hesabu za watu. Lakini usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai nchini Kenya, bwawa la shambani lilipasuka wakati wa mvua nyingi na kuua watu zaidi ya 40. Waliokuwa chini yake hawakupimiwa ukubwa wake kwanza.

Basi ombi langu kuhusu utoro ni hili. Uchimbwe kwenye ardhi ya asili pembeni, usikatwe juu ya udongo wa tuta hata kama mkandarasi ataapa kuushindilia. Uwe mpana na usio na kina, uoteshwe nyasi za kutambaa, na mkia wake upeleke maji mbali na mguu wa tuta kabla ya kuyarudisha mtoni. Nimeona utoro uliojengwa vizuri sana juu, ukamwaga maji chini ya tuta lenyewe. Ulikuwa unalichimba kutoka nyuma kila mvua. Na kizingiti kiwekwe ukanda wa zege uliozikwa sawasawa na ardhi, wenye alama, ili yeyote atakayepandisha kitu juu yake aonekane. Fedha zikipungua, punguzeni urefu wa tuta pamoja na kizingiti chake. Bwawa dogo lenye utoro kamili litawapa maji machache kwa miaka mingi. Mkipunguza utoro peke yake mtapata maji mengi kwa misimu michache, kisha mtayapata yote kwa mara moja.

Kuhusu udongo nitasema mambo mawili tu, maana wataalamu wanaujua kuliko mimi, shida yao ni kwamba mara nyingi hawapewi siku za kutosha za kuupima.

La kwanza alinionyesha fundi mmoja wa maabara. Alichukua punje ya mfinyanzi mkavu, ukubwa wa punje ya hindi, akaidondosha kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, akaketi. Mimi nikaketi pia. Punje ya kwanza ilivunjika ikabaki chungu dogo chini ya glasi, maji yakabaki yanaangaza. Akadondosha nyingine, iliyotoka hatua chache tu kutoka ilipochimbwa ile ya kwanza. Hiyo haikuvunjika kwa kelele yoyote, ila ilianza kutoa ukungu kama moshi, na baada ya dakika kumi maji yote yalikuwa yamekuwa kama maziwa. "Huu," akasema, "ukiujengea tuta, utayeyuka kutoka ndani bila kukuaga." Ni mfinyanzi wenye chumvi ya sodiamu nyingi. Kwa mkono unaviringika vizuri, unanata vizuri, unafinyangika kamba nyembamba bila kukatika. Kila jaribio la mkono unalipita. Glasi ya maji ndiyo inayoutoa uongo wake. Kipimo kinachogharimu glasi moja na uvumilivu wa dakika kumi, na bado kuna mabwawa yanayojengwa bila kufanyiwa.

La pili ni kushindilia. Udongo upangwe tabaka za sentimita 15 hadi 20, wenye unyevu unaofaa, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya linalofuata. Tingatinga linalopita juu ya rundo la nusu mita linapapasa tu. Na bomba la chini ndilo mahali pa kusimamia kwa macho mawili, kwa sababu mashine haiwezi kushindilia vizuri chini ya tumbo la bomba, na maji hupenda kufuata ubavu wake. Hapo panataka watu na vishindilio vya mkono, na mchujo wa mchanga upande wa kutokea, ili maji yatakayopenya yatoke bila kubeba udongo.

Maji yatapenya, hilo lisiwashtue. Kila tuta la udongo hupenyeza kidogo. Kila wiki nachota maji yanayochuruzika kwenye mguu wa tuta, nayatia kwenye chupa ya kioo, nayanyanyua juani. Yakiwa safi na mchuruziko ni uleule, naandika na kuondoka. Siku yakiwa na tope, ujue yanatoka na bwawa lenyewe. Bwawa la Teton, Idaho, nako Marekani, lilikuwa refu, karibu mita 93, na lilijengwa na serikali yenye wataalamu na fedha. Lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 wafanyakazi waliona maji yenye tope yakitokea upande wa nje. Tingatinga mbili zilitumwa kuziba tundu, tundu likazimeza. Ilipofika dakika tatu kabla ya saa sita mchana, sehemu ya juu ya tuta ilikuwa imeanguka. Watu 11 walikufa, na wangekuwa wengi zaidi kama isingekuwa mchana na kama watu wasingekuwa wameonywa. Tangu niisome hiyo, sikubali kuambiwa kwamba mchuruziko wa asubuhi utaangaliwa Jumatatu.

Ndiyo maana nawaomba bwawa jipya lisijazwe kwa haraka ili liwahi sherehe. Lijazwe kwa hatua, mtu akilitazama usiku na mchana. Na likishajaa lisishushwe ghafla pia. Tuta lililolowa ukiliondolea maji upesi, upande wa ndani hubaki mzito bila cha kuuegemeza, ukaporomoka. Koki inafunguliwa kidogo kidogo. Nimewahi kugombana na mkaguzi aliyetaka kuona bomba likifanya kazi kwa nguvu zote kwa sababu alikuwa na kamera.

Mengine ni ya kwetu walinzi, nitayapitia kwa haraka. Miti isiote kwenye tuta: ikikua mizizi inapenya, ikifa mizizi inaoza na kuacha mabomba ambayo hakuna aliyeyachora. Panya na mchwa vivyo hivyo. Nyasi fupi ndizo nguo ya tuta. Ng'ombe wasinywee ndani ya bwawa, wapelekewe maji kwa bomba kwenye birika lililo chini ya tuta, nao hawatakuwa na sababu ya kupanda. Haya yote yanafanyika kwa panga, jembe na mtu mmoja anayelipwa. Na hapo kwenye kulipwa ndipo miradi mingi inapoishia, kwa sababu bajeti huwa ni ya kujenga. Siku ya makabidhiano wananchi wanaambiwa bwawa sasa ni lenu. Mnakabidhi ufunguo wa koki na picha ya pamoja. Hakuna daftari wala fungu la mafuta ya mashine ya kufyekea. Hakuna hata namba ya simu ya mhandisi wa kuitwa siku maji yakitoka na tope.

Derna, nchini Libya, ilikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 yenye kiini cha mfinyanzi, kazi yake kubwa ikiwa kuukinga mji na mafuriko ya bonde linalokatiza katikati yake. Wataalamu walikwisha kuonya kwamba yanahitaji kushughulikiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 dhoruba iliyoitwa Daniel iliyakuta yakiwa hivyo hivyo, yakapasuka yote mawili, na maelfu ya watu wakachukuliwa na maji hadi baharini. Kwa miaka mingi watu wa mji ule walilala wakiamini wana kinga.

Mabwawa yetu hayana maji ya kiasi hicho, lakini imani ndiyo hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuidhinisha, tembeeni kuelekea chini. Nimeona wakaguzi wengi wakipanda kwenda kutazama maji. Wanaoshuka kutazama nyumba ni wachache. Mtu ashuke kwa miguu kutoka kwenye tuta hadi mahali ambapo maji yangetulia, ahesabu milango, aone madaraja na shule, aandike. Karatasi hiyo ikae kwa mlinzi na kwa viongozi wa chini, pamoja na namba za simu za watu wa kuamshwa na makubaliano ya mahali pa kukimbilia. Usiku ule wa magunia hatukuwa nayo. Tulikuwa watu watatu kwenye utoro na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuamsha bondeni, kwa sababu hakuna aliyejua ni kazi ya nani.

Mpande pia, ndiyo, lakini mpite bwawa. Kidakio, yaani ardhi ya juu inayoleta maji bwawani, kikiwa kimelimwa hadi ukingoni mwa kijito, bwawa dogo linaweza kujaa tope katika miaka michache, na tope likijaa mnapoteza kazi zote mbili kwa pamoja: hakuna maji ya kiangazi wala nafasi ya mafuriko. Mikanda ya nyasi kwenye miinuko na vizuizi vya mawe kwenye makorongo ni sehemu ya bwawa hata kama viko mbali nalo. Viwekwe kwenye mkataba. Na chimbeni kina, msitanue uso bila sababu: kwenye joto na ukame jua hunyonya mita moja na nusu, mbili na zaidi kwa mwaka, kwa hiyo bwawa la kina cha mita mbili linajengewa jua.

Sisi kwa upande wetu tulikwisha kurekebisha. Kibonde cha katikati kilijazwa na kushindiliwa, na pikipiki zimewekewa njia yake chini. Mlingoti wa kupimia tumeupaka rangi tatu, na ile ya juu kabisa, nyekundu, watoto wameshajua kwamba maji yakiigusa mtu anakuja kuniita. Kwenye utoro magunia hayarudi. Wapo wanaoyataka kila msimu unapoelekea mwisho, na sina cha kuwajibu zaidi ya kuwapeleka kuona kovu upande wa nje wa tuta, ambapo nyasi mpaka leo zina rangi tofauti.

Mkiamua kuja kukagua, nawaomba msije wakati wa jua kali, bwawa likiwa zuri. Njooni wiki za mwisho za mvua, maji yakiwa kwenye kizingiti. Tutasimama pamoja kwenye utoro, pale mchoro unaposema upana ni fulani, tupime kwa kamba. Viatu vya mpira ninavyo jozi mbili. Wengine waje na vyao.

Wenu,
Mlinzi wa bwawa